Siku Mama Alipogawa Keki za Watu

Mama yangu alikuja kwangu Harrow, London, kwa viza ya miezi sita, na wiki ya tatu ilipofika akasema anataka kurudi Tanga. Alilisema jambo hilo wakati mimi nakaanga vitunguu, kwa sauti ile ile ambayo angeniuliza saa. Nikageuka na mwiko mkononi kutaka kujua nani kamuudhi. Hakuna aliyemuudhi. Nyumba nzuri, chakula kizuri, mjukuu mzuri, hata mvua ya huku nzuri, haileti matope. "Nimekumbuka kwangu tu, mwanangu," akasema.

Mtu akisifiwa kila kitu chake namna hiyo na huku anakimbiwa, lazima apandwe na hasira. Mimi nilipandwa. Viza ile niliihangaikia tangu baba alipofariki, nikapeleka makaratasi mpaka karani akanizoea sura. Nilimnunulia godoro jipya. Nilikwenda naye Queensbury, kwenye duka la Mhindi mmoja aliyezaliwa Moshi, ili anunue bamia na mihogo na kupiga soga kwa Kiswahili mpaka achoke mwenyewe. Mifuko nilibeba mimi, mihogo nikamenya mimi.

Maana nilikuwa nimeapa kwamba kwangu mama hatashika kitu. Huyu ni mwanamke aliyepika shughuli za watu maisha yake yote, harusi, hitima, maulidi, kwenye masufuria ambayo mtoto angeweza kuogea ndani yake. Nikasema basi, amechoka, sasa apumzike. Akiinua kikombe chake kwenda kukiosha, namnyang'anya. Akishika ufagio, nauchukua kwa adabu. "Kaa, mama. Pumzika." Akakaa. Alikaa kwenye kochi la dirishani, kanga yake mabegani, akatazama mabasi yakienda Wembley na yakirudi.

Kila aliyeniuliza nilimwambia kwamba nimemleta asikae peke yake kwenye ile nyumba ya Tanga. Yeye mwenyewe nilimwambia hivyo hivyo. Ilikuwa sababu nzuri, ya mtoto aliyelelewa, na niliipenda. Kwangu tulikuwa wawili tu, mimi na binti yangu wa miaka kumi na minne. Baba yake alishashika njia zake zamani, na salamu zake huja kwa simu, zikija.

Basi nikatafuta ujanja. "Sawa, mama. Jumatatu napiga simu airline, tuna-change tiketi. Lakini Jumamosi kuna mahali nataka nikupeleke kwanza."

"Wapi?"

"Utaona."

Hapakuwa na mahali. Niliposema vile sikuwa na wazo hata moja kichwani. Kesho yake kazini, kwenye duka la miwani, nikamwuliza mwenzangu mmoja anayeishi nje ya London kwamba Jumamosi Waingereza hufanya nini wakiwa na furaha. Akaniambia kwao, mji mdogo wa soko mwisho wa reli, Jumamosi hiyo ndiyo kuna gulio lao la kiangazi, la tangu enzi na enzi: ngoma za asili, wanyama, mboga, keki. Niliposikia mboga na keki nikaona Mungu si Athumani. Mama akiona wanawake wa huku nao wanapika na kulima, moyo wake utatulia, na Jumatatu itapita bila simu yoyote. Nilimtaka abaki, na karata yangu yote niliiweka hapo.

Tulipanda treni ya Metropolitan asubuhi, sisi watatu. Binti yangu alikaa mbele yetu na vile vidude vyake masikioni. Kiswahili anakisikia chote, hasa akitetwa, ila kukijibu ndiyo hataki. Bibi yake humwita "mke mwenzangu", kwa utani wa kwetu wa bibi na mjukuu, naye hucheka, husema "Hi, Bibi," na mazungumzo ya siku yameisha. Mama alinitazama kila hayo yalipotokea.

Uwanja ulikuwa mkubwa, umezungushiwa vibendera, na jua lilitoka kama watu walilikodi. Bendi ya matarumbeta ilikuwa inapiga kitu cha polepole. Jambo la kwanza tulilokutana nalo ni wanaume watu wazima, wenye vitambi, wamevaa njuga magotini, wanarukaruka na kupepea leso nyeupe. Mama akasimama.

"Hawa wanapunga pepo?"

"Hapana, mama. Ngoma yao ya asili."

Akawatazama mpaka mmoja akaishiwa pumzi na kuinama. "Wamwambie pepo wake ataje jina," akasema. "Akitaja jina atapanda tu."

Mbele kidogo tukakuta banda la nazi. Nazi zimekalishwa juu ya vijiti, na watu wanalipa ili wazitupie mipira, ukiangusha moja ni yako. Mtu wa Tanga hawezi kupita hapo kimya. Mama aliuliza nazi imemkosea nani. Binti yangu akarusha, akaangusha moja, akaja nayo anakimbia kumpa bibi yake. Mama akaitikisa sikioni, uso ukamwingia huruma, akamrudishia. "Imekufa zamani hii, mke mwenzangu. Hata kabla hujaipiga."

Hata hivyo alikuwa anazungumza. Alisema maneno mengi zaidi pale uwanjani kuliko aliyosema kwenye kochi langu tangu afike. Aliuliza kondoo wale wanauzwa au wanatembezwa, akauliza kwa nini mbwa anapewa tuzo kwa kufanana na mwenyewe. Moyo wangu ukaanza kucheza kidogo. Nikasema tiketi hiyo haibadilishwi.

Jua likaanza kumchosha, na binti yangu akataka choo. Nikamwingiza mama kwenye hema kubwa jeupe, penye kivuli, nikamkalisha kwenye kiti cha kukunja. "Kaa hapa, mama, tunakuja sasa hivi." Foleni ya choo ilizunguka karibu nusu ya uwanja, kwa hiyo "sasa hivi" yangu ilikuwa ya uongo, ingawa sikujua.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe baadaye. Ndani ya hema kulikuwa na meza ndefu zenye vitambaa vyeupe, na juu yake keki za kila namna, kila moja na sahani yake na kadi ndogo mbele yake. Mwisho wa meza kulikuwa na kisu kirefu, sahani za karatasi na tishu. Watu walikuwa wanapita pole pole, mikono nyuma, wananong'ona, wanainama, wanatazama, wanaondoka. Hakuna anayekula. Hakuna anayekaribisha. Mama akamtafuta mwenyeji kwa macho, hakumwona. Akaja mzee wa mkongojo, akasimama mbele ya keki ya chokoleti, akashusha pumzi, akajikokota zake. "Mzee wa watu," mama aliniambia, "aliitamani ile keki mpaka ikaniuma mimi."

Asiyejua kwetu atadhani mama yangu ni mtu wa kujiingiza. Kwetu mwanamke akifika kwenye shughuli haulizi. Anapita moja kwa moja uani, anaomba kisu, anaanza na kitunguu kilichoko karibu. Mtaani kwetu kuna mama mmoja aliyekunja mikono kwenye hitima ya jirani kabla mimi sijazaliwa, na mpaka leo akitajwa hutajwa kwa mikono hiyo. Sasa hapa kuna shughuli, kuna chakula, kuna wageni wenye njaa, na wapishi hawaonekani. Mama aliona msiba mtupu.

Akasimama. Akanawa mikono kwa maji ya chupa. Akaitoa kanga mabegani, akajifunga kibwebwe, akasema Bismillah, akakata keki ya chokoleti. Sahani ya kwanza alimpelekea mzee wa mkongojo.

Sisi tuliporudi tulikuta foleni inatokea ndani ya hema mpaka nje kwenye majani. Nimeishi Uingereza miaka ya kutosha: nikiona foleni naingia kwanza, naulizia baadaye. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu akasema hata yeye hajui ni ya nini, ila wanaotoka wanatoka na keki, na ni bure. Tukafurahi. Tukasogea, tukasogea tena, tukapiga porojo za hali ya hewa. Ndipo nikasikia sauti kutoka ndani.

"Karibu baba, karibu. Mtoto, chukua. Wewe umeshachukua, kaa pembeni."

Binti yangu akanishika mkono. "Mum," akasema. "No."

Tukaipita foleni, jambo ambalo Waingereza wanaweza kukufunga nalo, tukafika mbele. Mama yangu alikuwa amesimama nyuma ya meza, jasho linamtoka, uso umemnawiri kwa namna ambayo sijaiona tangu baba yuko hai. Keki zote alikuwa amezikata vipande vidogo vya mraba, kipimo cha shughuli, ili kila mtu apate na wapishi wabakishiwe. Keki za duara, kazikata mraba. Kila sahani ilikuwa na vipande vya rangi tofauti, asije mtu akanung'unika. Alikuwa na wasaidizi wawili, wanawake wa Kiingereza, mmoja anagawa tishu na mwenzake anakusanya sahani zilizotumika. Sijui aliwaajiri kwa lugha gani. Zile kadi alizikusanya zote akazipanga vizuri pembeni, zisiingie mafuta.

Nikainua kadi ya juu nikaisoma. Ilikuwa na namba ya mshindani. Nikairudisha haraka, uso chini.

Kabla sijafungua mdomo akaingia mama wa makamo mwenye kofia ya ukili na beji kifuani, na nyuma yake mzee aliyevaa tai, ameshika uma mdogo wa fedha. Mzee huyo ndiye alikuwa jaji wa keki. Alikuwa amechelewa kwenye hema la mboga, kwenye ubishi mkubwa wa mung'unye. Mama wa kofia akatazama meza, akatazama foleni, akauliza nani msimamizi hapa. Watu wote, midomo imejaa, wakamnyooshea mama yangu uma zao za plastiki.

Mama naye alipoona mtu anayefanana na mwenyeji, alishukuru Mungu kwa sauti. Akampa sahani. "Alhamdulillahi, mwenyewe umefika. Kula kwanza, mama, tangu asubuhi upo na watu."

Mama wa kofia akanigeukia. "Tafadhali mwambie kwamba hizi zilikuwa keki za mashindano. Jaji hajaonja hata moja."

"Anasemaje?" mama akauliza.

Nikafikiri haraka. Mama yangu ni mtu wa haya. Akijua alichokifanya, atatoka kwenye hema hili moja kwa moja mpaka uwanja wa ndege, hatasubiri Jumatatu. "Anasema ahsante sana kwa msaada wako," nikamwambia.

"Mwambie asijali. Ila mwambie wageni hawaachwi hivi, na sahani ni chache."

Nikamgeukia mama wa kofia. "Anaomba radhi kutoka moyoni."

Mama akaongezea tabasamu pana. Mama wa kofia akalitazama tabasamu lile, nikaona kabisa kwamba halilingani na radhi yangu. Akaanza kueleza upya, pole pole, kwa sauti ya juu, kama wafanyavyo wakidhani tatizo ni masikio. Nami nikajiandaa kutafsiri uongo wa pili.

"Bibi," binti yangu akasema. "Mama anaongopa."

Kwa Kiswahili. Mbele ya watu. Hema zima halikujua kilichotokea isipokuwa sisi watatu. "Hizi keki si za kula. Ni mashindano. Watu wamepika nyumbani, halafu huyu mzee wa tai anaonja, anasema nani mshindi. Lakini wewe... umegawa zote, Bibi. Zimekwisha."

Nilitaka kumzaba kibao na kumkumbatia, kwa mpangilio huo. Mama alikiweka kisu chini. Aliwatazama watu waliokuwa wanatafuna, akatazama sahani tupu.

"Wote hawa wamekula keki za watu bila ruhusa?"

"Umewapa wewe, mama," nikasema.

"Na wewe ukaniambia ananishukuru."

Akafungua kibwebwe, akaikung'uta kanga makombo, akajitanda kichwani sawasawa, kama mtu anayekwenda kutoa pole. "Waliopika wako wapi?" akauliza. "Nipelekeni."

Wakaitwa kwenye kipaza sauti, wakaja mmoja mmoja. Walikuwa wanawake wa umri wa mama, wengi wao, na kijana mmoja mwenye michoro mpaka shingoni ambaye keki yake ilikuwa ya tangawizi. Mama alimshika kila mtu mkono kwa mikono yake miwili. "Nisamehe, mwanangu. Sikujua." Hilo nililitafsiri neno kwa neno, maana binti yangu alikuwa amesimama pembeni yangu kama askari wa zamu. Wakasema haidhuru, haidhuru kabisa, kwa nyuso ambazo zilidhurika sana.

Mmoja tu, aliyevaa gauni la bluu, alisema kweli. Alisema inadhuru. Alisema keki yake ya limau ameihangaikia siku nzima, imemwamsha alfajiri, na sasa hata picha hana. Machozi yakamlengalenga. Nilimheshimu kuliko wote. Mama hakuuachia mkono wake.

"Yake ni ipi?"

"Ya limau, mama."

"Mwambie ndiyo iliyokwisha kwanza. Watu walirudi kuitaka mara ya pili, nikawafukuza."

Nikamwambia. Mwanamke akafuta pua. Mzee wa mkongojo, aliyekuwa amekaa karibu na kipande chake sijui cha ngapi, akainua mkono kutoa ushahidi: na yeye ni mmoja wa waliofukuzwa.

"Ila sukari ilizidi kidogo," mama akaongeza.

Nikafunga mdomo. Binti yangu akaufungua wake, akaitoa sentensi hiyo kwa Kiingereza safi, nzima nzima. Nikaangalia pa kupitia kukimbia. Mwanamke wa gauni la bluu akamgeukia binti yangu.

"Mwulize," akasema, "nipunguze kiasi gani."

Hapo wengine nao wakasogea, wanataka kujua za kwao zilikuwaje. Mama aliwaambia. Hakumficha mtu. Kijana wa michoro aliambiwa tangawizi yake ni ya kopo na ameichoma, akakiri. Binti yangu alitafsiri yote, akikwama ananiuliza mimi, akipata neno anaendelea. Jaji alikuwa anaokota makombo kwa uma wake, anaonja, anatikisa kichwa kukubali, ingawa hakuna aliyemwuliza.

Tusidanganyane, haikuisha kwa makofi. Mama wa kofia alitangaza kwenye kipaza sauti kwamba mwaka huu shindano la keki limefutwa, kwa sauti ya kutangaza msiba, na hakucheka hata mara moja. Alituaga kwa ile adabu ya Kiingereza ambayo ukiitafsiri vizuri maana yake ni msirudi tena.

Kwenye treni mama alikaa dirishani, kanga imerudi mabegani. Nilijua nimeshindwa. Nilichotaka aone kilikuwa kingine, na alichokiona ni aibu. Lakini mimi si mtu wa kukubali kushindwa kimya kimya, kwa hiyo nikairudia sababu yangu ile nzuri. "Mama, mimi naogopa tu utakaa peke yako kule. Nani atakuangalia?"

"Peke yangu?" Akanigeukia mzima mzima. "Kule mlango wangu haufungwi kwa watu. Mwezi ujao nina harusi mbili zinanisubiri, bila mimi hata moto hawajui kuwasha. Upweke gani unaonisingizia? Mimi hapa kwako ndipo niko peke yangu. Nimekalishwa kama mto wa kochi. Leo nimesimama kwenye hema la watu nisiowajua, sijui hata salamu yao, na dakika ile ile nikaona kazi yangu. Nimekosea, haya. Lakini niliiona." Kisha akashusha sauti. "Sema kweli. Unataka nikae kwa ajili ya nani?"

Nilikuwa na jibu tayari, lile lile la siku zote. Nikafungua kinywa nilitoe, likatoka jingine.

"Kwa ajili yangu," nikasema. "Nakutaka, mama. Narudi kutoka kazini, huyu yuko chumbani kwake na mlango kaufunga. Nakula nimesimama, palepale jikoni. Sina mtu wa kumwambia hata kwamba kiatu kimenibana. Mimi ndiye niliye peke yangu."

Nikalia, mtu mzima, kwenye treni ya Metropolitan mchana kweupe. Waingereza waliokaa mbele yetu wakapendezwa ghafla na madirisha. Binti yangu akatoa vile vidude masikioni, akanitazama kama ndiyo kwanza tumekutana.

Mama alingoja nimalize. "Sasa hayo si ungeniambia siku ile ile nilipofika?" akasema. "Nikabaki nahesabu mabasi." Akanifuta uso kwa pindo la kanga, kwa nguvu, kama nina miaka mitano na nimekula embe. "Haya. Nitakaa mpaka viza iishe. Harusi zao watajua wenyewe."

Tukapita kituo kimoja. Tukapita cha pili.

"Ila nyumba yako ni chafu," akasema.

"Mama?"

"Chafu. Nimenyamaza kwa kuwa mgeni hasemi. Nyuma ya friji umetazama lini? Yale mapazia yanataka kufuliwa au kuzikwa. Wali unautia maji mpaka tunakunywa. Na huyu mke mwenzangu, kuanzia kesho hasemi Hi kwangu, ananiamkia, na anakaa chini anamenya vitunguu saumu. Na hizo nywele zako, nani alikudanganya?"

Aliendelea hivyo mpaka Harrow ikawa inaonekana dirishani, chumba kwa chumba, mpaka akafikia bafu. Binti yangu akanisogelea, akaninong'oneza kama Bibi amekasirika.

"Hapana," nikamwambia. "Amehamia."